Kikombe Chekundu cha Mwalimu

Mtoto mwingine akipewa chai, anakunywa. Huyu, tangu ana miaka sita, akipewa chai aliangalia kwanza ndani ya kikombe, akaangalia chini ya kikombe, ndipo akamtazama aliyempa. Wageni wakija kulala, yeye ndiye aliyepitisha mkono chini ya mito. Mlango wa mbele aliufunga, akaenda kitandani, akarudi kuugusa kama kweli umefungwa. Siku moja baba yake, ambaye alikuwa fundi saa, alimkuta amepiga magoti jikoni anamulika tochi chini ya kabati, akamwuliza anatafuta nini. Akajibu kwamba hatafuti kitu, anaangalia tu kama kipo. Baba alicheka mpaka akashika mbavu, na kuanzia hapo akamwita Inspekta.

Jina lilinata. Sasa Inspekta ana miaka thelathini na minne, ana wahudumu watano na wateja kumi na mmoja, wazee na wagonjwa wanaohudumiwa majumbani mwao, na watu wengi mtaani hawajui kama aliwahi kuitwa jina jingine. Mama yake naye akawa Mama Inspekta, jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye kitambulisho tu.

Mama Inspekta alikuwa mtu wa kuogopa mapema. Mvua ikianza kunyesha, yeye alishafika kwenye paa linalovuja. Simu ikiita asubuhi, moyo ulimpasuka kabla hajasema haloo. Shule aliiacha darasa la nne. Kusoma alisoma, ila kwa kidole, neno baada ya neno, kama mtu anayevuka kijito kwa kukanyaga mawe. Lakini macho yake hayakupitwa na kitu, na wale waliojiuliza Inspekta alikotoa ile tabia yake hawakuwa wamemtazama mama vizuri.

Kazi ya Inspekta, ukitaka kuifuata mpaka mwanzo wake, ilianzia chumbani kwa baba yake.

Alikuwa na miaka kumi na saba baba alipopata kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vilikufa ganzi, ulimi ukawa mzito. Hospitali ilimrudisha nyumbani na mfuko wa dawa na neno moja: apumzike. Mama Inspekta alilishika neno hilo kwa mikono miwili. Alimwosha mumewe, alimlisha, alimtandikia shuka zilizopigwa pasi, na akamwacha apumzike. Mtu akitaka kumsogeza alimkatalia, akasema mwacheni, amelala vizuri. Wiki ya sita Inspekta aliinua shuka, akaona kidonda chini ya mgongo, kipana kama kiganja. Muuguzi aliyeitwa aliuliza swali moja tu: mnamgeuza kila baada ya muda gani? Walikuwa hawajui kama mtu anageuzwa.

Baba aliishi miezi minne baada ya hapo, na kile kidonda kilimtesa kuliko kiharusi chenyewe. Alipozikwa, mama na binti hawakulitaja jambo hilo tena. Lilikaa kati yao miaka kumi na saba, kama chombo kilichofunikwa kitambaa ambacho kila mtu anakizunguka bila kukigusa. Mama Inspekta aliamini moyoni kwamba binti yake anamlaumu, na aliona ana haki ya kumlaumu.

Inspekta alisomea kazi ya kuhudumia wagonjwa majumbani, akaajiriwa na watu wengine kwa muda. Huko aliona mambo. Aliona mhudumu anajaza fomu ya wiki nzima siku ya Jumatatu, mteja amekula, mteja ameoga, mpaka Jumapili ambayo bado haijafika. Aliona dawa za watu wawili kwenye bakuli moja. Alivumilia kadiri alivyoweza, kisha akaacha, akafungua huduma yake mwenyewe kwenye sebule ya mama yake.

Sebule ile ukiingia leo utaona meza, simu mbili, na kabati la nguo la marehemu baba, ila ndani yake badala ya makoti kuna glovu za saizi tatu, sabuni, mashuka ya plastiki, na vipima joto vilivyopangwa kama vijiko. Mlangoni kumefungwa kikata kucha kwa kamba. Hakuna mhudumu anayetoka kwenda kwa mteja bila kuonyesha mikono: kucha fupi, hakuna pete, hakuna bangili. Na sanduku la saa za mezani alizoacha fundi, saa ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua, lilikuwa tupu siku nyingi. Kila mteja asiyeweza kujigeuza kitandani alikuwa na saa moja karibu na kichwa chake, imetegwa ilie kila baada ya saa mbili. Ikilia, anageuzwa. Kulia, kushoto, chali, na mto katikati ya magoti. Mama Inspekta akipita mtaani na kusikia kengele ya saa ndani ya nyumba ya mtu, alisimama kidogo. Aliijua kila moja kwa sauti.

Wahudumu walijifunzia kugeuza kwake yeye. Kila mhudumu mpya alianza kazi kwa kumgeuza Mama Inspekta juu ya kitanda cha chumba cha nyuma, naye alikataza mtu kumfanyia mchezo. Alilala kama gogo, akawasikiliza mikono yao. Mmoja wao alikuwa mwanaume wa miaka hamsini aliyeendesha malori nusu ya maisha yake, kisha akaugua mgongo wa kukaa, akabadilisha kazi. Waliendelea kumwita Dereva. Siku yake ya kwanza alimgeuza mama haraka haraka, na mama akamwambia amemgeuza kiwiliwili vizuri sana ila kichwa amekisahau kituo cha nyuma. Dereva alicheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo akawa mhudumu mwenye mikono laini kuliko wote, na kiti cha magurudumu alikiita gari, na kabla ya kukisukuma alisema breki, mguu, mkanda, ndipo twende.

Na kulikuwa na daftari. Daftari kubwa la jalada jeusi, lililokaa mezani wazi kwa mtu yeyote. Likitokea kosa kwa mteja, hata dogo, hata kama hakuna aliyeumia, liliandikwa siku hiyo hiyo. Mistari minne: kilichotokea, kilichofanyika, kwa nini, na kitakachobadilika. Familia ya mteja iliambiwa siku hiyo hiyo pia. Dereva alisema kwamba lile daftari ni kama kioo cha kinyozi, linakuonyesha hata kisogo.

Mwaka wa kwanza walifanya kazi kwa kibali cha muda. Ili wapewe kibali kamili, ofisi ya afya ilipaswa kuwakagua. Wasipopita, wafunge, na wateja kumi na mmoja watafutiwe pa kwenda, kama papo. Barua ilisema afisa atafika Jumatatu. Tangu barua ifike Mama Inspekta hakula akashiba. Alikuwa amesikia kwamba huduma moja ya mtaa wa mbali ilifungwa kwa sababu mteja alianguka bafuni, na hadithi hiyo alimsimulia binti yake mara tatu, kila mara bafu likizidi kuteleza.

Jumanne ya wiki iliyotangulia ukaguzi, glovu ziliisha kwa Mwalimu.

Mwalimu alikuwa mmoja wa wateja, mwalimu mstaafu aliyeishi mitaa miwili kutoka hapo. Naye alikuwa amepata kiharusi, ulimi ukawa mzito. Ndiye aliyemfundisha Mama Inspekta kuandika herufi, zamani, katika ile miaka minne yake ya shule, na mpaka leo akisimama mbele yake alijikuta amekunja mikono nyuma. Alijitolea kupeleka boksi la glovu mwenyewe, kama alivyozoea kupeleka vitu vidogo huku na huku. Alimkuta Mwalimu ameketishwa wima kwenye kiti chake karibu na dirisha. Mke wa Mwalimu alikuwa ametoka. Dereva alikuwa uani anaanua shuka, akaomba dakika mbili.

Mwalimu alimtazama mama, akatazama meza ndogo, akamtazama tena. Mezani palikuwa na kikombe. Mama akaangalia ndani, kwa sababu mtoto hakuitoa mbali ile tabia, akakiinamisha kidogo. Maji yalikuwa mazito, yanavutika kama ute wa yai. Alifikiri yameoza. Alimwonea aibu Dereva, akamwonea aibu binti yake, akasema moyoni kwamba afisa angeyaona haya ingekuwaje. Aliyamwaga kwenye beseni, akakisuuza kikombe mara mbili, akajaza maji safi ya kwenye jagi, akamwinulia Mwalimu mdomoni kwa heshima yote aliyofundishwa.

Mwalimu alikunywa mafunda mawili. La tatu lilimpita njia isiyo yake.

Alipaliwa. Hakukohoa kwanza, na hilo ndilo lililomtia mama baridi: alifungua mdomo na sauti haikutoka, uso ukageuka rangi. Mama aliita jina la Dereva kwa namna ambayo baadaye majirani walisema waliisikia. Dereva aliangusha shuka hapo hapo, akaingia, akamwinamisha Mwalimu mbele, akampiga mgongoni kwa kiganja, mara moja, mbili, tatu. Maji yakatoka. Kikohozi kikaja, kirefu, cha kukwaruza, halafu pumzi. Dereva alipiga simu kwa Inspekta, akapiga kwa daktari, akaketi amemshika Mwalimu mkono, anahesabu pumzi zake kwa kuangalia saa ya marehemu fundi.

Inspekta alifika anahema. Alimwangalia Mwalimu kwanza, kifua, midomo, kucha. Kisha akamweleza mama yake taratibu, bila kupandisha sauti. Kwamba kiharusi kilimlegeza Mwalimu koo. Kwamba maji mepesi yanakimbia kuliko koo lake, yanaingia kwenye mapafu. Kwamba ule uzito haukuwa uozo, ni unga maalumu unaotiwa ndani ya maji ili yashuke polepole. Karatasi ilikuwa imebandikwa ukutani juu ya meza. Mama aliitazama karatasi. Herufi zake zilikuwa ndogo kama sisimizi, na miwani alikuwa ameiacha nyumbani.

Daktari alikuja mchana huo, akamsikiliza Mwalimu kifua, akasema ni salama kwa sasa, apimwe joto mara tatu kwa siku kwa siku tatu, na likipanda aitwe mara moja.

Walirudi nyumbani mama na binti. Sebuleni Inspekta alivua viatu, akanawa mikono, akavuta kiti, akafungua daftari jeusi. Hapo Mama Inspekta aliona kitakachotokea, na ile hofu yake ya kuogopa mapema ikafika kabla ya kalamu.

Alimsihi. Alimwambia kwamba afisa anakuja Jumatatu, na Jumatatu si mwaka ujao. Kwamba Mwalimu anapumua, ashukuriwe Mungu. Kwamba walioona ni yeye, Dereva na Mwalimu, na Dereva ni mtu wa nyumbani.

"Andika Jumanne ijayo," alisema. "Sikwambii usiandike, mwanangu. Nakwambia uandike akishapita yule mtu."

"Mama, amepaliwa Jumanne gani?"

"Utafunga kazi yako kwa ajili ya mafunda matatu ya maji."

"Nikilificha hili," Inspekta alisema, "kesho Dereva akikosea ataficha la kwake, na mimi sitakuwa na mdomo wa kumwuliza."

Akaandika. Mama alisimama pale, anasikia kalamu ikikwaruza, na ilimfanya ajione mdogo kama siku Mwalimu alipomwita mbele ya darasa. Kisha Inspekta, akiondoka, akamwambia kwamba jioni watakwenda wote wawili kumweleza mke wa Mwalimu, na atakayeeleza ni mama.

Alipobaki peke yake, Mama Inspekta alivaa miwani, akalisogeza daftari dirishani. Aliweka kidole kwenye mstari wa kwanza, akaanza kuvuka.

Kilichotokea: Saa tano na robo asubuhi mteja aliomba kwa macho, akapewa maji mepesi na mama yangu mzazi. Alipaliwa.

Neno mama yangu mzazi lilimchoma. Inspekta angeweza kuandika mgeni. Mama aliendelea kusoma.

Kilichofanyika: Mhudumu alimwinamisha, akampiga mgongoni, maji yakatoka. Daktari ameitwa. Joto linapimwa.

Kwa nini: Hakuambiwa. Anaingia kwenye nyumba za wateja kila wiki na hatukumfundisha. Alimwaga maji akidhani ni machafu, kwa sababu anajali. Karatasi ya ukutani haisomeki. Kosa ni la ofisi.

Kidole chake kilirudi nyuma, kikasimama kwenye neno moja. Hakuambiwa. Alilisoma tena kwa sauti ndogo, silabi moja moja. Akakaa. Alikaa muda mrefu kiasi kwamba Inspekta aliporudi alimkuta bado amekishika kile kidole pale pale, na miwani imeingia ukungu.

"Hata kwa baba yako," alisema mama, akashindwa kumaliza.

Inspekta aliweka chini alichobeba. "Hatukuambiwa," alisema. "Najua, Mama."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu siku ile muuguzi alipouliza. Nilikuangalia uso."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani unajua kwamba najua."

Mama alivua miwani, akaifuta kwa pindo la nguo yake, akaivaa, akaivua tena. Miaka kumi na saba, na kitambaa kiliondolewa hivyo tu, mbele ya simu mbili na boksi la glovu. Hakulia kama alivyodhani angelia. Alinyoosha kidole kwenye mstari wa nne, ambao ulikuwa umeandikwa Kitakachobadilika, na mbele yake hapakuwa na kitu.

"Hapa mbona patupu?"

"Sijapata jibu. Nitaandika karatasi kubwa zaidi."

"Karatasi," mama alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake ilikuwa na kiburi kidogo. "Mimi nilipokiona kikombe sikutafuta karatasi. Nani ana kiu akatafuta karatasi? Niliangalia kikombe. Basi kikombe ndicho kiseme."

Inspekta alimtazama. Kisha akachukua kalamu.

Jioni walikwenda. Mama Inspekta alisimama mbele ya mke wa Mwalimu, mikono nyuma, akasema yote bila kuruka, hata beseni alilomwagia. Mke wa Mwalimu alimwangalia mumewe aliyekuwa anasinzia. Mama aliona wateja kumi na mmoja wamebaki kumi.

"Mimi niliyamwaga wiki ya kwanza, nikampa mepesi," mke wa Mwalimu alisema mwishowe. "Nilifikiri Dereva hajui kuosha vyombo. Sikumwambia mtu. Yeye hakupaliwa, basi nikanyamaza." Akatikisa kichwa. "Ninyi kumbe mnasema."

Kazi ya kikombe ilichukua siku tatu. Mama alishona kwanza vitambaa vyekundu vya kuzungushia vikombe, vizuri, na lastiki ndani. Inspekta alikishika kimoja, akakilowesha, akakinusa siku ya pili, akasema kitambaa kinanywa maji na uchafu unajificha humo, hapana. Mama alinuna nusu siku. Kisha akaenda dukani mwenyewe, akarudi na vikombe vya plastiki vyekundu tupu, vinavyochemshwa bila kubadilika, akavigonga mezani kuonyesha ugumu wake. Sheria ikawa rahisi hata mtoto aweze kuishika: chekundu ni kizito. Asiyefundishwa asikiguse, na asimpe mwenye chekundu kinywaji kingine chochote. Jagi la maji likaondolewa karibu na kiti cha Mwalimu. Na kila anayeingia nyumba ya mteja, awe ndugu, jirani au mleta glovu, aonyeshwe kabla ya kuketi; wa kwanza kufundishwa alikuwa mama. Joto la Mwalimu lilipimwa mara tisa na halikupanda hata mara moja. Dereva aliandika zile tarakimu tisa kwa wino mzito kama anaandika namba za gari.

Jumatatu afisa alifika. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye viatu bapa na mkoba mzito, hakutaka chai, hakutaka kiti. Alipitisha kidole juu ya kabati. Alibonyeza godoro la mazoezi. Alipiga magoti akatazama chini ya kitanda, na Mama Inspekta, aliyekuwa kasimama mlangoni mwa jikoni na kijasho chembamba, aliona kwamba leo mwanawe amepata wa kumfaa.

Afisa alihesabu glovu, akasoma tarehe za dawa ya kusafishia vidonda, akatega saa ya kitanda cha mazoezi, akaisubiri ilie. Ilipolia, akaizima. Kisha akavuta daftari jeusi. Alilisoma kurasa zote. Ukurasa wa mwisho aliusoma mara mbili.

"Mama yako mzazi," alisema. "Yuko wapi?"

Inspekta alifungua mdomo. Mama alimtangulia. "Ni mimi," alisema kutoka mlangoni, na miguu yake ikaja mbele bila yeye kuiambia.

Afisa alichukua kikombe chekundu kwenye rafu, akachukua kopo la unga, akaviweka mezani mbele yake. "Nionyeshe."

Dereva, aliyekuwa amesimama na kiti chake cha magurudumu, alishika breki kana kwamba kitaondoka chenyewe. Inspekta alirudi nyuma hatua moja, akafunga mikono, na mama alielewa kwamba binti yake hatamsaidia hata kwa jicho, na kwamba hiyo ndiyo heshima anayompa.

Alinawa mikono. Alihesabu thelathini wakati wa kunawa, midomo ikicheza, naye afisa akamsubiri. Alipima maji kwenye kikombe cha kupimia, akasawazisha unga wa kijiko kwa kisu, akanyunyiza huku anakoroga, asitupe wote kwa mpigo. Unga kidogo ukamwagika mezani. Akasimama. Alimwaga yote, akaosha, akaanza upya, kwa sababu kijiko pungufu si kijiko. Alipomaliza kukoroga alikiweka chini akaangalia saa.

"Unasubiri nini?" afisa aliuliza.

"Yashikane. Ukiyawahi yatakudanganya."

Dakika zilipita. Akainua kijiko, akakiinamisha, na maji yakashuka polepole, mazito, bila kukatika. Akasema mteja awe ameketi wima, kidevu kishuke kidogo, funda moja moja, ameze ndipo apewe jingine, na akimaliza asilazwe nusu saa.

"Na akikuomba maji ya kawaida? Kwa macho, kama alivyofanya?"

Mama Inspekta alifikiri. "Nitamwonea huruma," alisema. "Nitamwonea huruma sana, kisha nitampa haya."

Afisa aliandika kitu. Aliandika kwa muda. Kabla ya kuondoka alitoa makosa manne, na hakuyatia sukari: sanduku la huduma ya kwanza limetundikwa juu mno kwa mtu mfupi, wino wa namba za dharura umefifia, kapeti la mlangoni linateleza, na orodha ya watu waliofundishwa kuhusu kikombe chekundu haina saini ya mama. Wapewe siku thelathini kuyarekebisha. Mama alimwona binti yake akiyapokea yale manne kama mtu anayepewa zawadi, anauliza kimo cha sanduku kiwe sentimita ngapi. Afisa alipofika mlangoni alikanyaga lile kapeti, likateleza, akashika mlango. Hakuna aliyethubutu kucheka mpaka alipovuka barabara, ndipo Dereva akasema kumbe kosa la tatu limejiandika lenyewe.

Kapeti lilitolewa kabla ya saa sita mchana. Barua ilichukua wiki tatu. Ilisema kibali kamili, miaka mitatu. Inspekta aliisoma, akaigeuza akaangalia nyuma yake, akamulika mhuri dirishani, ndipo akampa mama. Mama aliweka kidole kwenye neno la kwanza akavuka yote hadi upande wa pili, bila kuruka jiwe, na alipofika kwenye mhuri alitamani mtu mmoja aliyekuwa akirekebisha saa awepo, aone yule mtoto wa tochi amefika wapi.

Asubuhi iliyofuata Mama Inspekta alichukua boksi la glovu aende kwa Mwalimu. Jina lake lilikuwa sasa kwenye orodha ukutani, la kuzaliwa, kwa saini yake mwenyewe iliyopinda kidogo upande. Mfukoni alikuwa na miwani. Dereva alishasema mke wa Mwalimu ametoka, Mwalimu anasubiri kinywaji chake cha saa nne, na angependa mwanafunzi wake wa darasa la nne ampe.

Inspekta alikuwa mezani anazungumza na simu. Mama alifika mlangoni, akashika kitasa. Binti yake hakukata simu wala hakuinua macho kwenye karatasi zake. Alinyoosha mkono tu, kiganja juu, hewani.

"Kucha, Mama."

Mama Inspekta alicheka kimoyomoyo, akaweka boksi chini, akamnyooshea mikono yote miwili.